Usinimalizie Neno

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta unabishana na wateja wa mapazia kama kawaida, maana siku ukinyamaza ndipo tutaanza kuogopa. Shemeji mguu unaendeleaje? Huku tupo sote. Wifi yako amepata kazi ya kudumu pale zahanati, kwa hiyo sasa ananitazama kama tajiri anavyomtazama kibarua. Kijana mkubwa anamaliza shule mwaka huu. Mdogo ameota meno ya mbele, anatafuna kila kitu, mpaka kona ya lile pazia ulilotuletea. Pazia bado zuri. Kona moja haina neno.

Dukani kazi ipo. Upepo wa mwezi uliopita ulivunja madirisha mengi, na mimi fundi vioo siwezi kukudanganya kwamba nilisikitika.

Sasa nilichotaka kukuambia. Unajua mimi na simu. Kabla ya mwaka kuisha mteja alipiga kuuliza bei ya kioo cha kabati. Kigugumizi kikanishika pale pale kwenye bei. Akangoja kidogo, nikamsikia akimwambia mwenzake, "Huyu anachezea simu," akakata. Wifi yako alikuwa amekaa pembeni yangu. Kesho yake akaniambia kuna watu wanakutana kila Alhamisi jioni, wote wana kigugumizi. Nikamwambia, chumba kizima cha watu wenye kigugumizi, hicho kikao kitaisha lini? Akasema, "Nenda, kikiisha utaniambia."

Basi nimekwenda. Ni chumba kilicho juu ya duka la matairi, kinanuka mpira, na chini wanagonga rimu muda wote. Hakuna daktari, hakuna mwalimu, hakuna mwenyekiti. Zamani walimchagua mmoja, akaanza kupanga nani aseme na nani akae. Wakamshukuru kwa kazi yake wakabaki bila. Siku hizi vikombe vya chai vinapinduliwa kwenye sinia, na chini ya kimoja kuna harage. Sinia linazungushwa, kila mtu anainua kikombe kimoja. Atakayekuta harage ndiye anayeongoza siku hiyo: anafungua kikao, anauliza habari za wiki, anafunga. Wiki ijayo harage linahamia kwa mwingine. Aliyelipata hawezi kulikataa.

Sheria nyingine ni moja tu. Mtu akikwama, usimmalizie neno. Hata kama unalijua, hata kama nyumba inaungua, unangoja.

Kuna mzee wanamwita Redio, kwa sababu anakwama kuliko wote na anaongea kuliko wote. Alinikaribisha kwa kusema, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Ilimchukua muda kuifikisha mwisho, kisha akaongeza, "Sisi tunajikwaa vyote na bado tunafika."

Mimi nimejitolea kuosha vikombe na kuvipanga. Anayeosha ndiye anayeweka harage, akiwa amefumba macho. Wananishukuru sana.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, shemeji yako akiwa hapa ameweka mguu juu ya stuli kama sultani. Mguu wenyewe hauna kitu tena, ila ameshauzoea utawala.

Nimefurahi mpaka nimempunguzia mteja bei bila kuombwa. Lakini watu hao wakikuonea, nitajie. Unakumbuka darasa la tatu, mwalimu alipokusimamisha usome? Mimi nilikuwa chumba cha pili. Nikasikia kimya, nikajua ni wewe. Nikatoka darasani kwetu, nikaingia kwenu, nikakushika bega nikasoma mimi. Nilichapwa, lakini wewe ulikaa chini salama. Na dukani, nani alikuwa anakuagizia sukari? Ukifungua mdomo tu, mimi nimeshamaliza.

Jambo jingine. Jumapili nilipiga simu, wifi akasema umetoka. Sasa yule aliyekuwa anakohoa nyuma yake ni nani, mwizi?

Harage limekupata? Niambie.

Dada yako


20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Aliyekohoa ni mimi, ulinijua. Sikuwa tayari kwa simu siku hiyo.

Umeuliza habari ya harage. Ndiyo, limenipata. Niliongoza Alhamisi iliyopita, kikao kikaenda vizuri.

Redio ni mgonjwa wa kifua, hajafika wiki kadhaa. Kuna binti mgeni, kazi yake ni kufunga sabuni kiwandani, kwa hiyo ameshaitwa Sabuni, na hachukii. Anakaa kiti cha karibu na mlango. Haongei sana.

Sina zaidi, kuna vioo vya shule vinaningoja. Msalimie shemeji.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya tatu. Umeongoza watu! Nimemwambia kila mtu sokoni, hata wasiokujua. Nimempigia baba mdogo, akauliza, "Yule? Yule wa kuinamisha kichwa?" Nikamwambia, yule yule, na sasa wewe ndiye uinamishe chako.

Lakini kitu kimoja kinanikera. Wewe ukibadilisha kioo cha choo cha mtu unanieleza mpaka misumari ilivyokuwa na kutu. Leo umeongoza kikao unanipa mstari mmoja. Ulifunguaje? Nani alicheka? Ulikwama wapi, ukatokaje? Nataka yote. Nimekwisha kuwasimulia watu nusu yake kwa kubuni mwenyewe, sasa niletee ya kweli nilinganishe.

Dada yako


14 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Watoto wazima, wifi yako mzima. Leo salamu zangu ni hizo tu.

Sikuongoza. Ile barua ya Machi ilikuwa uongo. Harage halijanipata hata siku moja, kwa sababu mimi mwenyewe nilihakikisha halinipati.

Kati ya vikombe vile kuna kimoja chenye pengo dogo ukingoni. Ukikipindua, pengo linakaa chini, na asiyejua haoni. Mimi nikivipanga sikufumba macho. Harage nililiweka chini ya hicho chenye pengo. Kisha nikizungusha sinia namgeuzia mtu upande ninaotaka mimi. Watu hawachagui, dada. Wanachukua kilicho karibu na mkono wao. Mwenye sinia anachukua cha mwisho, na cha mwisho siku zote kilikuwa kitupu.

Mwanzoni nilikuwa nampelekea Redio. Nilijiambia simwonei, mzee anapenda kuongea. Siku nyingine nikampa muuguzi mmoja pale, kwa vile ana moyo mgumu. Nilijiona kama mtu anayegawa kazi kwa wanaoiweza. Kumbe nimekuwa yule mwenyekiti waliyemwondoa, tofauti ni kwamba mimi nilijificha nyuma ya sinia.

Redio alipougua nikababaika. Sinia lilianzia mlangoni, na mlangoni alikaa Sabuni. Nikamgeuzia. Aliongoza kwa shida, akamaliza, watu wakampigia makofi. Wiki iliyofuata muuguzi hakuja, nikaogopa tena, nikamgeuzia tena. Watu wakacheka, wakasema binti ana bahati. Na wiki iliyofuata, dada, hata sababu sikuwa nayo. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Aliinua kikombe akaona harage, akanitazama mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika sinia. Akasimama kufungua kikao. Neno la kwanza likakataa kabisa. Tulingoja, kama sheria inavyosema. Aliendelea kujaribu mpaka machozi yakamtoka. Akakirudisha kikombe kwenye sinia taratibu, akasema maneno machache, na hayo yalitoka bila kukwama hata kidogo: "Hata kikombe kinanicheka." Akaondoka. Hajarudi.

Pale wote wanaamini ilikuwa bahati mbaya. Wananipa pole mimi, kwa kuwa niliona kwa karibu.

Nimetafuta mtu wa kumwomba radhi. Dukani ukivunja kioo unamwendea tajiri, anafoka, anakukata mshahara, yanakwisha. Pale hakuna tajiri. Hakuna mkubwa nitakayemvuta pembeni nimnong'oneze. Nikisema, niseme mbele ya wote, kwa mdomo huu huu. Ndiyo maana kila Alhamisi naosha vikombe, sasa nafumba macho kweli, na nanyamaza.

Baba mdogo alikuwa sahihi. Mwambie.

Mdogo wako


25 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba mdogo simwambii kitu, hajawahi kuwa sahihi na hatuanzi leo.

Umekosea, sikufichi. Nimemwonea huruma yule binti mpaka chai imepoa mkononi. Lakini wewe si mtu mbaya. Uliogopa, na woga ukikosa pa kukaa unamkalia aliye karibu.

Usihangaike. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, nimeandika kila kitu vizuri kana kwamba ni wewe unayesema, kosa, toba, na shukrani mwishoni. Mpe muuguzi au huyo Redio akipona, awasomee. Wewe utakaa tu. Na namba ya huyo binti nipe mimi, nitampigia, wanawake tunajua kuzungumza mambo haya. Yatakuwa yamekwisha kabla mwezi haujaisha.

Dada yako


5 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nakurudishia karatasi yako. Umeandika vizuri kuliko nitakavyosema. Hapo ndipo ilipo shida yake.

Darasa la tatu neno lililonikwamisha lilikuwa "mkulima". Nilikuwa nimeshafika nusu yake. Wewe ukaingia, ukanishika bega, ukaisoma sentensi nzima na ya mbele yake. Mpaka leo sijui kama ningelimaliza.

Najua ulichapwa kwa ajili yangu, na sijasahau. Lakini hukuniuliza kama nataka. Na mimi Sabuni sikumuuliza. Mdomo wangu umekaa kwako muda mrefu sana, dada. Naomba unirudishie, hata kama haufanyi kazi vizuri.

Binti usimpigie.

Mdogo wako


3 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Hujajibu. Sanduku la barua nalichungulia kila nikipita, mpaka karani wa posta anatikisa kichwa kabla sijafika. Sikulaumu. Nakuandikia hivyo hivyo.

Nimesema. Redio alikuwa amerudi, amekonda, shati limekuwa la mtu mwingine. Nililiweka sinia mezani vikombe vikitazama juu, harage nimelishika mkononi, nikasema, "Mimi." Nikakwama hapo hapo, kwenye mimi.

Unajua ukikata kioo unapitisha mstari mara moja bila kuinua mkono. Ukiinua katikati, kioo kinapasuka kinakotaka chenyewe. Nilitaka sana kuinua mkono. Chini wanagonga rimu, huku juu watu wananitazama, hakuna aliyeinamisha macho, hakuna aliyenisukuma. Maisha yangu yote kimya cha watu kilikuwa kinaniambia harakisha. Hiki kilikaa tu na mimi. Nikaendelea. Nilikwama kwenye "pengo", nikakwama kwenye "sinia", na kwenye "niliogopa" nilidhani tutafunga mwaka. Kikao kizima kilikwisha kwa maneno ambayo wewe ungeyasema huku unapima pazia la mtu.

Nilipomaliza, muuguzi akasema, "Kwa hiyo siku zote hizi nilidhani Mungu ananiamini, kumbe ni wewe unavyogeuza sinia." Wachache wakacheka. Fundi bomba mmoja hakucheka. Akasema, "Mimi hukunipa hata siku moja. Nilikuwa nangoja kila Alhamisi. Ulinionaje, sifai?" Hilo, dada, sikuwa nimelifikiria kabisa. Nikamwambia hivyo hivyo.

Redio akakohoa. "Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kikombe chenye pengo kilikuwa kinanijia kila mara kama mbwa wa nyumbani. Nikanyamaza kwa sababu napenda kuongea. Basi na mimi nimo."

Nikawauliza, sasa nitoke? Muuguzi akasema, "Nani akutoe? Mlango huu hauna mwenyewe." Kisha akasema jambo ambalo wote walilikubali: msamaha wao ni wa kwao, wanaweza kunipa, lakini wa Sabuni hawawezi kuugawa, si mali yao. Hawakunituma kwake. Waliniachia mwenyewe.

Nilikwenda kiwandani kwake saa ya kubadilishana zamu. Walikuwa wanatoka wengi, wote wananukia. Aliponiona akataka kupita. Nikamwambia nilivyoweza, tumesimama pale getini watu wanatukwepa kushoto na kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mdomo, akakwama.

Dada, neno nililijua. Alikuwa ananiita mwongo. Alilishika pale mwanzoni, "mwo", likagoma. Ningeweza kumsaidia, ningelisema mimi tukaachana mapema, yeye apumzike na mimi nipumzike. Nikangoja. Nilisimama pale nikangoja niitwe mwongo mpaka akafika. Alilisema lote, kwa sauti, mlinzi akageuka. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Kisha akasema, "Vikombe nitaviosha mimi." Akaenda zake.

Alhamisi iliyopita alikuja mapema kuliko mimi. Alikuwa ameshaviosha na kuvipanga, na kile chenye pengo amekitoa, amekiweka dirishani kiwe cha kuwekea kalamu. Akapitisha sinia bila kunitazama. Nikainua changu. Hakuna kitu. Na ukweli nikuambie, niliudhika. Harage lilimwendea fundi bomba, akaongoza kama waziri.

Nijibu, hata kwa matusi.

Mdogo wako


28 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikujibu kwa sababu uliniumiza, na sitasingizia kazi. Karatasi yangu uliyoirudisha niliichana, nikaokota vipande, nikawashia jiko. Nikamwambia shemeji yako, "Mtu unambebea mdomo tangu utotoni, leo anakuita mwizi wa mdomo." Unajua alivyo, anaweza kukaa mchana kutwa bila neno. Akaushusha mguu kwenye stuli, akasema, "Na wangu utaurudisha lini?"

Nilimnunia, tena siku nyingi. Kisha nikaanza kumwangalia. Ni kweli. Mteja akimuuliza kitu, najibu mimi. Daktari akimuuliza mguu unauma wapi, najibu mimi. Mguu wa mtu!

Basi na mimi niseme langu. Siku ile darasani sikuja kwa ajili yako peke yako. Ulipokuwa unakwama, watu walikuwa wananitazama mimi, dada yake. Aibu ilikuwa inanichoma mimi. Nilikumalizia maneno ili nipumzike mimi. Ukawa unanishukuru, na mimi nikazipokea shukrani. Miaka yote hii nakujua, lakini sauti yako inakuwaje mwishoni mwa sentensi siijui.

Jumamosi asubuhi baada ya barua hii kukufikia nitapiga simu. Usimpe wifi. Nitakuwa jikoni, nitanyamaza. Nikisema chochote kabla yako, kata.

Dada yako


12 Agosti

Dada yangu,

Leo sikuamkii kwenye karatasi, nilishakuamkia, na mwenyewe unajua ilivyokuwa.

Nakuandikia kwa sababu uliondoka mbio na sikupata nafasi ya kukuambia niliyoyasikia. Simu ilipolia wifi yako aliitazama, akaiacha mezani, akamchukua mtoto akatoka naye uani. Nikaipokea. Nikaanza "shikamoo", ikashika mwanzoni kabisa, ikawa inavuja tu kama bomba bovu. Nikangoja unimalizie. Masikio yangu yenyewe yalikuwa yanakungoja, ndivyo yalivyozoea. Nikasikia pumzi yako. Nikasikia kitu kinachemka upande wako, kisha kinaunguruma, kisha tssss juu ya jiko, na shemeji anapiga kelele, "Maziwa! Mama, maziwa yote yanamwagika!" Sikujua kama ana sauti kubwa vile. Na wewe hukuinuka. Pumzi yako ilikuwa pale pale kwenye simu.

Ndipo nikafika. Ukasema "marahaba" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, ukatupa simu ukakimbilia jiko.

Pole kwa maziwa.

Wifi yako aliporudi ndani akaniuliza tumezungumza nini muda wote ule. Nikamwambia, shikamoo.

Mdogo wako